Skrini Namba Mbili

Waliosimulia habari hii ni wawili, na wote wawili si watu wa kuzua: mmoja kazi yake ni kusahihisha makosa ya wenzake, mwingine kazi yake ni kutafuta kwa nini kitu hakiwaki. Wote wanasema ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, jua limeingia mpaka chini ya meza. Kama kuna wanaodhani mambo haya husubiri giza, shauri yao.

Yule msahihishaji kwao humwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama yake, na jina hilo limemganda ingawa sasa ana miaka thelathini na minane na shahada iliyotundikwa ukutani. Ni msoma prufu wa kampuni ya vitabu vya shule. Asubuhi hiyo alikwisha kuanika nguo, alikwisha kunywa chai, na alikuwa amekaa mahali pake: laptopu imefungwa na kusukumwa pembeni, na mbele yake skrini mbili kubwa zilizounganishwa nayo kwa kebo. Ya kushoto ina mswada wa mwandishi. Ya kulia ina prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa na zinazosubiri kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Jicho huenda huku na kurudi kule, kama la mtu anayesikiliza majirani wakigombana kutoka madirisha mawili. Kati ya skrini na skrini kuna nafasi ya upana wa kiganja, na katika nafasi hiyo unaona ukuta tu.

Simu ikalia. Mhariri mkuu.

"Mwenzangu, prufu zako za mwezi huu zina makosa."

"Mangapi?"

"Arobaini na moja. Na usiwasingizie wachapaji, nimeyapitia mwenyewe. Lakini kinachonishangaza si wingi wake. Yote yako katikati ya mstari. Mwanzo wa mstari safi, mwisho safi. Katikati, kama vile hukupita kabisa."



"Nitarudia," akasema Kitinda.

"Rudia. Nataka Alhamisi. Baada ya hapo itabidi nimpe mtu mwingine, na unajua sipendi."

Alijua. Na alijua zaidi ya hapo, ila nje ya daktari hakuwa amemwambia mtu. Kwa miezi minne alikuwa akimtazama mtu anaona masikio mawili na kati yake ukungu. Aliangalia saa, akaona tarakimu za pembeni bila mishale. Daktari wa macho alimmulika, akamgeuza, akamwambia macho ni mazima kabisa, labda apunguze kazi. Hiyo ndiyo dawa wanayoipenda wenye mishahara: mwambie mtu apunguze kazi.

Yeye alikuwa na jawabu lake mwenyewe. Ni la damu, la ukoo. Dada yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Dada Mkubwa, alipatwa na jambo hilohilo mwaka uliotangulia. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji, mtu wa mistari myembamba kama unywele, na doa likamwingia katikati ya macho mpaka mito na barabara zikawa kitu kimoja. Madaktari watatu walimwambia haitibiki. Akaacha kazi. Skrini zake mbili akampa mdogo wake.

"Za nini tena kwangu?" alisema. "Wewe ndiye unayesoma."

Alizileta mwenyewe. Alizipanga mwenyewe, kwa kupapasa, akapima ile nafasi ya katikati kwa kiganja chake na kusema isibadilishwe, ndivyo zilivyozoea kukaa. Kitinda alilia siku hiyo. Akalia tena wiki tatu baadaye, kwa furaha, Dada Mkubwa alipoamka asubuhi na kusoma kalenda ya ukutani kutoka kitandani. Watu wakasema Mungu ni mkubwa. Ni mkubwa kweli, ila mara nyingine husingiziwa.

Ukungu wake ulipoanza, Kitinda hakumwambia dada yake. Hakutaka kumtonesha. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minne, na aliyembeba ni huyo Dada, akiwa binti wa miaka kumi na mitano. Ndiye aliyemfundisha herufi kwa kuchora na kidole kwenye unga uliotandazwa juu ya sinia. A. Inafutwa. E. Inafutwa. Mtu kama huyo humpelekei habari za macho yako.

Basi akarudi kwenye kazi. Alikuwa ameamka alfajiri na kusahihisha sura nzima ya pili kwenye skrini ya kushoto. Akaikamata ile sura kwa mausi, akaiburuta kuipeleka kulia.

Haikufika.

Ilivuka ukingo wa skrini ya kushoto, ikatoweka, na kulia hakukutokea kitu. Kishale nacho kilikuwa na tabia hiyo kwa muda sasa: kikitoka skrini moja hakiingii nyingine mara moja. Ilibidi usukume mausi, uinue, uirudishe, usukume tena, ndipo kitokeze upande wa pili. Kama mtu aliyepitia chumba kingine kwanza. Alizoea. Lakini kishale angalau kilitoka. Sura ya pili ilibaki huko.

Akampigia fundi.

Fundi huyo ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, asiye na haraka, anayechomeka bisibisi kwenye kilemba. Alijifunza kazi kwa baba yake, kwenye redio, na mtaa mzima humwita Mama Soketi. Aliingia, akavua viatu, akaitazama meza kama daktari anavyomtazama mgonjwa mwongo.

"Umeigusa?"

"Sijaigusa, Mama Soketi."

"Hakuna mteja aliyewahi kugusa. Miaka thelathini sijakutana na kompyuta iliyoguswa. Haya, sogea."

Akaanza na yaliyo rahisi, kama inavyopasa. Alizima akawasha. Alichomoa kebo ya kushoto akaichomeka kulia, ya kulia kushoto. Alitoa kebo zake mbili mpya kutoka mkobani, akazijaribu. Alibadilisha adapta. Alifuta dereva za skrini, zile programu zinazoziendesha, akaziweka upya, akiimba kidogo kwa pua. Kishale kikaendelea kupotea katikati, kikikaa huko, kikitokeza kwa wakati kinaoutaka.

"Haya, tuone yeye mwenyewe anasemaje," akasema, akafungua mipangilio.

Mipangilio ikaonyesha vijisanduku vilivyopangwa mstari mmoja.

"Binti, una skrini ngapi?"

"Mbili. Si unaziona?"

"Mimi naziona mbili. Huyu anahesabu zaidi."

Akabonyeza "Tambua". Hiyo ni amri inayoifanya kila skrini ioneshe namba yake kubwa, ujue ipi ni ipi. Kushoto ikatokea namba moja. Kulia ikatokea namba tatu.

Walitazamana. Mama Soketi akacheka.

"Ah! Uzee huu. Mbili ni laptopu yenyewe. Umeifunga, lakini bado anaihesabu. Ona sasa."

Akainua kifuniko cha laptopu. Akabonyeza tena.

Laptopu ilionyesha namba nne.

Mama Soketi hakucheka tena. Alitoa bisibisi kwenye kilemba, akaishika tu, bila kazi. Kisha akachomoa kebo zote mbili, skrini zote mbili zikawa nyeusi, akaangalia mipangilio kwenye laptopu. Namba moja ilikuwa imeondoka. Namba tatu imeondoka.

Namba mbili ilikuwapo.

"Imeunganishwa na nini?" Kitinda akauliza. Hakujua kwa nini alinong'ona.

"Ndiyo namwuliza."

Mama Soketi alirudisha kebo, akaifunga laptopu. Alifikiri, akijikuna shingo. Akasema kuna njia moja ya kuona kilichomo kwenye skrini usiyoiona: unapiga picha ya skrini. Kompyuta haijui ukuta wala hewa. Hupiga zote kwa pamoja, zikiwa zimeshikana, kama vipande vitatu vya kitambaa vilivyoshonwa.

Akapiga. Akaifungua picha upande wa kulia.

Kushoto kabisa, mswada. Kulia kabisa, prufu. Na katikati, safi, angavu, kali kuliko chochote ambacho Kitinda alikuwa amekiona kwa miezi minne, mkono wa mtu.

Mkono ulishika kalamu. Chini yake palikuwa na jarida la mafumbo ya maneno, visanduku vyake vidogo vimejazwa kwa herufi nadhifu za mtu aliyezoea kuandika majina ya vijito. Ukucha wa dole gumba ulikuwa na mpasuko wa zamani uliopona vibaya. Ile sura ya pili ilikuwa imesukumwa pembeni, nusu yake inaonekana, kama gazeti la jana.

Ilimbidi Kitinda ageuze kichwa aitazame kwa pembe ya jicho, kama kuku, kwa kuwa pale katikati palikuwa na ukungu. Hata hivyo aliujua. Kisu cha kukatia ramani ndicho kilichoupasua ukucha ule. Yeye ndiye aliyeufunga kitambaa.

"Unamjua?" akauliza Mama Soketi.

"Ni picha ya zamani labda," Kitinda akasema. "Skrini zilikuwa za dada yangu."

Mama Soketi akapiga nyingine. Kalamu ilikuwa imesogea visanduku viwili.

Nje nguo zilipepea kwenye kamba. Mtu alipita na redio.

"Tunaiondoa," akasema Mama Soketi. Hakuuliza. Alichagua namba mbili, akabonyeza "Ondoa skrini hii".

Kikatokea kidirisha kile kinachojulikana: *Uhifadhi mabadiliko haya? Yatarudishwa baada ya sekunde 15.* Lakini hakuna aliyekisoma, kwa sababu Kitinda alikuwa ametoa sauti.

Alikuwa anamwona Mama Soketi. Uso wote. Pua yake, ambayo ilikuwa na chunjua pembeni. Midomo. Macho yenye wasiwasi. Alimjua mwanamke huyo kwa miezi mitatu, na hakuwa amewahi kuona uso wake. Akatazama ukuta, akaona mchirizi wa brashi. Akatazama kiganja chake, akaona mistari yote.

"Naona," akasema. "Mama Soketi, naona!"

"Unaona nini?"

"Wewe! Una chunjua!"

"Chunjua hilo ninalo tangu nimezaliwa, we mtoto..."

Nne. Tatu. Mbili. Moja. Kidirisha kikajifunga. Namba mbili ikarudi mahali pake.

Na uso wa Mama Soketi ukafutika kuanzia puani.

Fundi, kwa mazoea ya kazi tu, alipiga picha nyingine kuona kama imerudi kweli. Katikati mwa picha sasa palikuwa na simu, imeshikwa mkononi. Juu ya simu jina: Kitinda. Dole gumba lenye ukucha uliopasuka lilikuwa juu ya kitufe cha kijani.

Simu ya Kitinda ikalia.

Aliitazama ikitetemeka mezani. Akaipokea, akaweka spika, ili Mama Soketi naye asikie.

"Shikamoo, dada."

Haikuitikiwa. Miaka thelathini na minane, shikamoo yake haijawahi kuachwa hewani.

"Unagusa nini huko?"

"Wapi, dada?"

"Usinifanye mtoto, Kitinda. Unagusa nini?"

"Fundi anatengeneza kompyuta."

"Mwambie aache." Pumzi ilikuwa ya juujuu. "Niko juu ya ngazi. Nilikuwa nabadilisha taa ya sebuleni, dunia ikazimika ghafla, giza totoro. Nimeishikilia kwa kucha. Ikizimika tena naanguka, mdogo wangu. Nitavunjika shingo. Mwambie huyo fundi wako asiguse chochote."

"Yarabi! Pole, dada. Teremka taratibu. Usitazame chini, shuka na..."

Mama Soketi hakuwa anasikiliza. Alikuwa amenyoosha kidole kimoja kinene, akapiga picha nyingine, akaifungua. Akamgeuzia.

Kikombe cha chai, mvuke bado unapanda. Nyuma yake miguu miwili juu ya kigoda, kucha zimepakwa rangi mpya, nyekundu, bila kuvuka mpaka hata mahali pamoja. Jarida la mafumbo pajani. Visanduku vitatu tu vilikuwa vimebaki.

Hapakuwa na ngazi.

Kitinda aliitazama picha kwa pembe ya jicho kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba hakuona hasira. Alianza kuhesabu. Miezi minne alikuwa amekaribia kupoteza kazi yake, amejifunza kutunga uzi kwenye sindano kwa ulimi, ameacha kuvuka barabara peke yake. Na macho yake, kumbe, yalikuwa yanafanyia watu mafumbo ya gazeti.

"Dada," akasema.

"Eh?"

"Chai yako itapoa."

Wakasikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani yake, polepole, kama kinavyowekwa na mtu anayeona vizuri.

"Nani yuko na wewe?" Sauti ilikuwa imebadilika. Ngazi ilikuwa imekwisha.

"Tangu lini, dada?"

"Nilichukua katikati tu. Kandokando nimekuachia."

"Tangu lini?"

"Ulikubali mwenyewe. Niliambiwa lazima akubali mwenyewe, kwa mkono wake, na uliulizwa. Siku ile nilipozileta. Kilitokea kidirisha, ukaniuliza ni nini, nikakwambia bonyeza Ndiyo. Ukabonyeza."

Kitinda alikumbuka. Msoma prufu, mtu anayesoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi, mara mbili, na kuona nukta iliyozidi. Maneno ya kidirisha kile hakuyasoma hata moja. Kwa nini ayasome? Aliyemwambia abonyeze alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani.

"Nani alikwambia? Ulikwenda kwa nani?"

"Inakusaidia nini kujua?"

"Ungeniomba."

"Ungenipa?" Dada Mkubwa alicheka kidogo. "Sema kweli. Ungenipa?"

"Jicho moja ningekupa, dada. Usingeuliza mara mbili."

Dada Mkubwa akasema, taratibu, bila uovu wowote, kama mtu anayeeleza kipimo cha kitambaa:

"Sikutaka moja."

Mama Soketi alisema neno lisiloandikika.

"Na usinitazame hivyo," ikaendelea sauti, na Kitinda akasisimka, maana hawakuwa wakitazamana. "Unasoma kwa sababu yangu. Nani alikutandazia unga? Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wenzangu walikuwa shuleni, mimi nakufundisha wewe herufi. Vyote ulivyosoma tangu siku ile, nilisoma mimi. Nimechukua changu."

"Ulinifundisha nikadhani unanipenda."

"Nilikupenda. Ndiyo maana nilianza na wewe, na si na mgeni."

Kitinda alinyoosha mkono. Akaukuta mkono wa Mama Soketi tayari uko kwenye mausi. Akautoa kwa upole, akashika yeye. Hakuweza kuona kishale vizuri. Aliyaona majina ya pembeni, akapapasa mengine.

Ondoa skrini hii.

*Uhifadhi mabadiliko haya? Yatarudishwa baada ya sekunde 15.*

Ukungu ukaondoka kama pazia lililovutwa. Upande wa pili wa simu kikombe kilianguka kikavunjika. Safari hii hakikuwekwa.

Kumi na tatu.

"Kitinda." Sauti ilikuwa karibu sana na simu. "Rudisha."

Kumi na moja.

"Kitinda, hapa pana giza."

Vitufe vilikuwa viwili. *Hifadhi. Rudisha.* Alivisoma vyote. Alisoma kila herufi.

Tisa.

Kisha dada yake akaanza kumwita kwa njia nyingine. Si kwa jina. Kwa sauti ile ya zamani, ya jikoni, ya kidole kwenye unga.

"A," akasema.

Mkono wa Kitinda ukasimama.

"Sema na mimi. A."

Saba.

"E."

"Usimsikilize," Mama Soketi akanong'ona.

"I. Sema, mdogo wangu. I."

Tano. Midomo ya Kitinda ilikuwa imefunguka. Herufi ilikuwa ulimini, yenyewe, bila kuitwa. Mama Soketi akamziba mdomo kwa kiganja kinachonuka risasi ya kuunganishia waya.

"O."

Mbili.

Kitinda alibonyeza Hifadhi.

Hakikusikika kilio. Hicho ndicho Mama Soketi anachokirudia akisimulia: kilio kingekuwa afadhali. Palisikika kiti kikisogezwa. Palisikika mkono ukipapasa meza, ukigonga kijiko, ukipapasa tena. Kisha simu ikakatika.

Sura ya pili ilikuwa imefunguka kulia, na masahihisho yake yote, kana kwamba haikuwahi kwenda popote.

Mama Soketi alikusanya vitu vyake. Alipoombwa azichukue zile skrini akakataa kwa kichwa. "Mimi natengeneza vilivyoharibika. Hivi havijaharibika." Wakazitoa pamoja mpaka uani, wakazigeuzia uso ukutani, na Kitinda akafanya kazi kwa laptopu tupu, akiwa ameinama kama mshona viatu. Makosa yote arobaini na moja aliyaona. Mengine yalimtia aibu. Alhamisi alizipeleka prufu mwenyewe, akashinda ofisini tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa, akikaguliwa ukurasa kwa ukurasa na mhariri mkuu, watu sita wakiwa chumba kimoja.

Jumapili mchana akaenda kwa dada yake. Kama mtu angemwuliza anakwenda kufanya nini, asingejua. Hakuwa amesamehe. Labda alitaka kumtazama tu, sasa anaweza.

Mlango ulikuwa wazi. Dada Mkubwa alikuwa amekaa mezani, uso ameuelekeza dirishani, ila umekosea dirisha kidogo. Vipande vya kikombe vilikuwa bado sakafuni. Rangi ya kucha ilikuwa imeanza kubanduka.

"Nani?"

"Mimi."

"Umerudi." Uso ukalegea. "Nilijua utarudi. Kaa palepale."

"Sijaja hapa, dada. Hii ndiyo mara ya kwanza."

"Usifanye hivyo. Alhamisi ulikaa hapo mchana kutwa. Hukusema neno, nikasema sawa, ana haki ya kuninunia. Lakini ulinimalizia." Alisukuma jarida juu ya meza, kwa vidole vilivyonyooka. "Nilikusikia ukiandika. Unakandamiza mno kalamu, tangu utotoni. Nimepapasa karatasi nikajua ni wewe. Nikasema, kumbe amenisamehe."

Kitinda hakukaa. Alisema, polepole, ili isieleweke vibaya:

"Alhamisi nilikuwa ofisini, dada. Kuanzia asubuhi mpaka jioni. Watu sita wameniona."

Dada Mkubwa akageuza uso kumtafuta. Mikono yake ikarudi pajani, ikashikana.

"Basi aliyekaa hapo ni nani?" akauliza.

Kitinda alikuwa ameusikia uongo wa dada yake, na sasa aliujua ulivyo. Huu haukuwa uongo. Mwanamke yule aliogopa, na alikuwa anamwogopa mtu aliyekaa naye mchana kutwa bila kusema neno.

Akalivuta jarida. Visanduku vitatu vilivyobaki vilikuwa vimejazwa. Na jibu moja la dada yake, katikati kabisa ya fumbo, lililokuwa na kosa, lilikuwa limekatwa na kusahihishwa pembeni kwa alama ya prufu, ile yenye mkia mrefu unaopinda kushoto. Katika kampuni nzima hakuna mwingine ila Kitinda anayeupinda kushoto. Wamemsema kwa miaka kumi na mmoja, na hajaacha.

Ilikuwa ya wino mwekundu. Siku tatu zilikuwa zimepita. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

Ulikuwa mbichi.